Waziri Aliyegombana Nyumbani Kwao: Hotuba juu ya Clare Short

Ndugu mwenyekiti, walimu, wanafunzi wa masomo ya maendeleo, na ninyi wengine mlioacha shughuli zenu mkaja jioni hii, asanteni kwa kunikaribisha.

Mliniomba nizungumzie uongozi katika misaada ya kimataifa, mkaniachia uhuru wa kumchagua mtu. Nimemchagua Clare Short, aliyekuwa Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa wa Uingereza kuanzia Mei 1997 hadi Mei 2003. Wizara ile iliishi miaka 23 tu, na katika mawaziri wote waliopita pale hakuna aliyekaa muda mrefu kama yeye. Lakini sikumchagua kwa sababu ya muda. Nimemchagua kwa sababu alifanya jambo ambalo mawaziri wa nchi za wahisani hulifanya kwa nadra sana: alisimama ndani ya Baraza la Mawaziri la nchi yake akapinga bidhaa ya nchi yake kuuzwa kwetu Tanzania. Alishindwa. Hata hivyo, nataka niwashawishi jioni hii kwamba waziri wa misaada apimwe hapo kwanza, kwenye meza ya serikali yake mwenyewe, ndipo tuanze kuhesabu pesa alizotuletea.

Tuanzie mbali kidogo, maana bila historia hii hamtaelewa alikuwa anapigana na nini.

Uingereza ilianzisha wizara kamili ya maendeleo ya ng'ambo mwaka 1964, chini ya Waziri Mkuu Harold Wilson. Waziri wake wa kwanza alikuwa Barbara Castle. Tangu hapo wizara hiyo imekuwa ikipandishwa na kushushwa kulingana na chama kilicho madarakani. Margaret Thatcher alipoingia mwaka 1979 aliirudisha chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, ikawa idara tu. Mwaka ule Uingereza ilikuwa ikitoa asilimia 0.51 ya pato lake kama misaada. Kufikia 1997 ilikuwa imeshuka hadi asilimia 0.26. Karibu nusu ilikuwa imeyeyuka.

Hata hicho kilichobaki kilikuwa na masharti. Kulikuwa na mfuko maalumu uliounganisha misaada na biashara: tunakupa pesa, nawe unanunua kwa makampuni yetu. Mfano mbaya kuliko yote ni bwawa la umeme la Pergau, Malaysia. Uingereza ilitoa pauni milioni 234 za msaada kwa mradi ambao wataalamu wake yenyewe walisema haukuwa na maslahi kiuchumi. Katibu Mkuu wa idara ya misaada, Tim Lankester, aliweka pingamizi lake kwa maandishi. Nyuma ya pazia kulikuwa na makubaliano makubwa ya kuuza silaha kwa Malaysia. Shirika moja la wanaharakati likaenda mahakamani, na Novemba 1994 Mahakama Kuu ya London ikatamka kwamba msaada ule ulikuwa kinyume cha sheria. Yaani fedha zilizotengwa kwa ajili ya maskini zilikuwa zimetumika kulainisha biashara ya silaha, na ilibidi jaji ndiye aseme kwamba msaada ule si halali.

Hiyo ndiyo nyumba aliyoikuta Clare Short.

Yeye mwenyewe alizaliwa Birmingham mwaka 1946, katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland. Baba yake alitoka Crossmaglen, mji ulio mpakani kabisa mwa Ireland ya Kaskazini. Alisoma siasa, akafanya kazi serikalini, na mwaka 1983 akachaguliwa kuwa mbunge wa Ladywood, jimbo la Birmingham lenye umaskini mwingi na wahamiaji wengi. Kabla hajawa waziri alikuwa amekwisha kujiuzulu mara mbili nafasi za uongozi wa chama bungeni: mwaka 1988 kwa sababu ya msimamo wa chama juu ya sheria ya kuzuia ugaidi, na mwaka 1991 kwa sababu ya vita vya Ghuba. Waliomteua walijua wanamteua nani.

Chama cha Labour kiliposhinda Mei 1997, idara ya misaada ikawa wizara tena, na waziri wake akakaa kwenye Baraza la Mawaziri. Wako watakaosema hilo ni suala la vyeo tu. Nakataa. Waziri asiyekaa kwenye Baraza husikia uamuzi ukiwa umekwisha kupita. Anayekaa humo anaweza kusema hapana kabla ya muhuri kugongwa.

Novemba ya mwaka huohuo alitoa waraka wa sera uliosema wazi kwamba kazi ya wizara ni kuondoa umaskini duniani. Mfuko ule wa misaada na biashara akaufuta. Kuanzia Aprili 2001 msaada wote wa Uingereza ukaondolewa sharti la kununua bidhaa za Kiingereza. Kisha ikaja sheria ya mwaka 2002, iliyosema kwamba fedha za maendeleo haziwezi kutolewa isipokuwa waziri ameridhika kuwa zitasaidia kupunguza umaskini. Ninyi mnaosoma sheria mtaona uzito wake: mwanya wa Pergau ulizibwa kwa sheria ya Bunge, haukuachwa kwenye huruma ya waziri ajaye. Na kiwango cha msaada kilipanda hadi asilimia 0.34 kufikia mwaka 2003. Si kingi, lakini mwelekeo uligeuka.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1999 alikutana na wanawake wenzake watatu waliokuwa wakishika wizara kama yake: Eveline Herfkens wa Uholanzi, Heidemarie Wieczorek-Zeul wa Ujerumani na Hilde Johnson wa Norwei. Walikutana katika abasia ya kale ya Utstein, karibu na Stavanger, na kundi lao likaitwa kwa jina hilo. Huyu Hilde Johnson, kwa taarifa yenu, alizaliwa Arusha. Walikubaliana kuacha tabia ya kila mhisani kuleta mradi wake, ripoti zake, magari yake na wakaguzi wake, huku maofisa wetu wakimaliza wiki nzima kupokea wageni. Waliomo humu waliofanya kazi serikalini miaka ya tisini wanajua ninachosema.

Matokeo yake kwetu yalikuwa misaada ya kibajeti. Badala ya mhisani kuchimba kisima chake na kubandika bendera yake, fedha ziliingia Hazina na kupita kwenye bajeti iliyopitishwa na Bunge letu. Uingereza ilikuwa mstari wa mbele katika hilo, hapa Tanzania na Uganda pia. Uganda ilikuwa imefuta ada ya shule za msingi mwaka 1997. Sisi tulifuata mwaka 2001, na Januari 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM. Watoto waliokuwa shule za msingi walikuwa chini ya milioni 5. Ndani ya miaka michache wakapita milioni 7. Madarasa yalijaa, watoto walikaa sakafuni, walimu walilemewa. Lakini walikuwa shuleni. Naona humu nyuso za vijana ambao umri wao unaniambia kwamba waliingia darasa la kwanza kwa mlango ule.

Na madeni. Mei 1998 wakuu wa mataifa tajiri walikutana Birmingham, mji wa Short mwenyewe, na watu kama elfu 70 wakashikana mikono kuzunguka katikati ya mji kudai nchi maskini zifutiwe madeni. Mwaka uliofuata mpango wa kusamehe madeni ulipanuliwa. Tanzania ilifikia hatua ya mwisho ya mpango huo Novemba 2001, ikapata nafuu ya malipo ya madeni yenye thamani ya dola bilioni 3 hivi, iliyotandazwa kwa miaka mingi.

Shikeni tarehe hiyo vizuri. Novemba 2001.

Desemba 2001, mwezi mmoja tu baadaye, serikali ya Uingereza iliipa kampuni ya silaha ya BAE Systems leseni ya kuiuzia Tanzania rada ya kuongozea ndege kwa pauni milioni 28. Fedha za kuinunua zilikuwa mkopo wa benki ya Kiingereza. Nchi imetoka kusamehewa madeni, na kabla wino haujakauka inaingizwa kwenye deni jingine.

Serikali yetu ilisema nchi inahitaji kulinda anga yake na kuongoza ndege kwa usalama. Haja ya rada ilikuwa ya kweli; sina ugomvi nayo. Ugomvi ulikuwa juu ya rada ile na bei ile. Benki ya Dunia ilisema ni ghali mno. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipoichunguza lilisema ni mtambo wa kijeshi zaidi, usiotosheleza kazi ya ndege za kiraia, na kwamba ungepatikana mwingine wa kufaa kwa gharama ndogo.

London napo ugomvi uliwaka. Uingereza ilikuwa imejiwekea vigezo vya kutoa leseni za kuuza zana nje, na cha nane kinataka serikali ijiulize kama manunuzi hayo yataumiza uchumi wa nchi inayonunua. Clare Short alisimama juu ya kigezo hicho. Waziri wa Fedha Gordon Brown alikuwa upande wake. Waziri Mkuu Tony Blair alikuwa upande wa kuuza, na mwisho wa yote neno lilikuwa lake. Leseni ikatoka.

Short hakunyamaza. Alizuia pauni milioni 10 za msaada kwetu kwa muda, na alisema hadharani kwamba biashara ile ilinuka. Wapo Watanzania waliokasirika: kwa nini waziri wa kigeni atuadhibu sisi kwa mtambo uliouzwa na serikali yake mwenyewe? Hoja hiyo ina nguvu, na siipuuzi. Fedha iliyozuiwa haikuwa ya kampuni wala ya dalali, ilikuwa ya bajeti ya nchi. Lakini msimamo wake wa msingi, kwamba rada ile isiuzwe kabisa, ulikuwa sahihi, na miaka iliyofuata ilituonesha.

Mnakumbuka yaliyofuata. Wachunguzi wa Uingereza walikuta kwamba zaidi ya dola milioni 12 zililipwa kwa dalali, karibu theluthi ya bei ya rada nzima. Desemba 2010 kampuni ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu za malipo hayo. Ilitozwa faini ya pauni laki 5. Jaji alisema mtu angekuwa na ujinga wa kupindukia kuamini kwamba dalali yule alikuwa mshawishi tu anayelipwa vizuri. Kosa la rushwa halikushtakiwa. Ila kampuni ilikubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania.

Kisha ikachelewesha. Ikataka itumie kamati yake yenyewe kugawa fedha hizo. Mwaka 2011 ujumbe wa wabunge wetu, ukiongozwa na Naibu Spika Job Ndugai, ulikwenda London kudai, na kamati ya Bunge la Uingereza inayosimamia maendeleo ikaibana kampuni. Fedha zikaja mwaka 2012, zaidi ya shilingi bilioni 70, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Mitaani tuliziita chenji ya rada. Kuna watoto waliosoma kwa vitabu vile na kukaa kwenye madawati yale, na walimu waliowafundisha huenda wamo humu.

Nawaomba muifikirie hesabu hii. Pauni milioni 28 zilitoka, pauni milioni 29.5 zilirudi, na katikati yake kuna miaka zaidi ya kumi ambayo watoto walikaa sakafuni. Laiti mkutano mmoja wa London ungemsikiliza waziri mmoja, miaka hiyo isingepotea. Ndiyo maana naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko misaada yote aliyosaini.

Sasa niseme na upande wa pili, maana sikuja kumtawaza.

Novemba 1997, miezi michache baada ya kuingia wizarani, alimwandikia Waziri wa Kilimo wa Zimbabwe, Kumbirai Kangai. Katika barua hiyo alisema serikali yao haikubali kwamba Uingereza ina wajibu wa pekee wa kulipia ununuzi wa ardhi Zimbabwe. Akaongeza kwamba wao ni serikali mpya isiyofungamana na maslahi ya kikoloni ya zamani, na kwamba yeye mwenyewe asili yake ni Ireland: wao walitawaliwa, hawakutawala. Ninaamini aliandika kwa dhati. Lakini serikali hairithi majengo na hazina peke yake, inarithi na deni la haki. Suala la ardhi lilikuwa kiini cha mazungumzo ya uhuru wa Zimbabwe ya Lancaster House mwaka 1979, na viongozi wa nchi zetu za mstari wa mbele walilijua hilo kwa undani. Kumwambia Mzimbabwe kwamba mimi pia nilionewa hakumrudishii shamba. Sisemi barua ile ndiyo iliyoleta yote yaliyofuata Zimbabwe. Watawala wa Harare wana hesabu yao ya kutoa. Ila ilifunga mlango uliopaswa kuachwa wazi.

Mwaka huohuo, wakazi wa kisiwa cha Montserrat, koloni la Uingereza katika Karibi, walipokuwa wakikimbia volkano iliyoufukia mji wao mkuu, alisema viongozi wao watafika mahali pa kudai tembo wa dhahabu. Ulimi ule mkali uliomsaidia mbele ya wauza silaha uliwaumiza watu waliopoteza nyumba.

Zito kuliko hayo kwangu ni Kongo. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, Short aliamini, na nadhani kwa haki, kwamba dunia ilikuwa imeitupa Rwanda. Aliifanya Uingereza kuwa mhisani wake mkubwa, na akawa mtetezi wa Paul Kagame. Uganda nayo ilikuwa kipenzi cha wizara yake. Na Juni 2000, majeshi ya nchi hizi mbili, zote zikipokea fedha za bajeti kutoka London, yalipigana kwa mizinga ndani ya mji wa Kisangani. Wenyeji wanaviita Vita vya Siku Sita. Mamia ya raia waliuawa katika mji wao wenyewe kwa ugomvi usiowahusu. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya uvamizi wake, Kisangani ikiwemo. Fedha ya bajeti haina alama. Ukilipia shule za nchi, umeiachia serikali yake nafasi ya kulipia kitu kingine. Mama huyu aliyeona wazi hatari ya rada ya Dar es Salaam hakuiona vya kutosha hatari ya mizinga ya Kisangani, na Wakongomani wana haki ya kumuuliza kwa nini.

Iraki mnaijua, nitapita haraka. Machi 2003 alimwita Blair hadharani mtu asiyejali hatari, akasema atajiuzulu vita ikianza bila idhini ya Umoja wa Mataifa. Vita ilianza, akabaki, kwa ahadi kwamba ujenzi wa nchi ile ungesimamiwa na Umoja wa Mataifa. Ahadi haikutimia, akatoka tarehe 12 Mei. Wengi walisema alichelewa. Nami nasema hivyo. Robin Cook, waziri mwenzake, alitoka kabla ya bomu la kwanza, na neno lake likawa zito zaidi.

Baada ya siasa, kuanzia 2011 hadi 2016, aliongoza bodi ya mpango wa kimataifa wa uwazi katika mapato ya madini, mafuta na gesi. Tanzania ilikuwa imejiunga mwaka 2009, na mwaka 2012 ilitangazwa kuwa imetimiza masharti. Makampuni yanaandika yamelipa nini, serikali inaandika imepokea nini, na mkaguzi huru analinganisha. Ripoti hizo zipo, zinasomeka. Wanafunzi, zisomeni. Kama kungekuwa na daftari la namna hiyo kwa mikataba ya manunuzi ya serikali mwaka 1999, kamisheni ya dalali wa rada ingeonekana mapema.

Na wizara aliyoijenga? Uingereza ilifikia kiwango cha msaada cha asilimia 0.7 ya pato lake mwaka 2013, ikaiweka kwenye sheria mwaka 2015. Septemba 2020 wizara ikavunjwa na kurudishwa chini ya Mambo ya Nje. Mwaka 2021 kiwango kikakatwa hadi asilimia 0.5. Februari 2025 serikali ya chama kilekile cha Labour ikatangaza kwamba kufikia 2027 kitakuwa asilimia 0.3, ili fedha ziende kwenye ulinzi. Waziri wa maendeleo wa wakati huo, Anneliese Dodds, alijiuzulu siku chache baadaye. Alikuwa akihudhuria vikao vya Baraza, lakini hakuwa na wizara yake mwenyewe nyuma yake.

Kwa hiyo wale mtakaoingia Hazina au Wizara ya Mambo ya Nje, mnapokaa na wahisani kujadili kiasi cha fedha, waulizeni pia: huko kwenu, leseni ya kutuuzia vitu inapojadiliwa, nani anakaa mezani kwa niaba ya wale mnaosema mnawasaidia? Jibu liandikeni kwenye muhtasari wa kikao.

Nimemaliza. Naona mkono kule nyuma, karibu.